Seli za Sindeni

Miaka kumi na mmoja Rukaya Isihaka alizilisha seli zile kwa mkono wake, na katika miaka hiyo yote hakupata kujiuliza ni za mnyama gani. Ajiulize nini? Mbuzi alimjua. Mwenye mbuzi alimjua. Na yule aliyemleta mbuzi mwenyewe, huyo ndiye alimjua kupita kiasi.

Maabara yenyewe ipo Kwamndolwa, pale mji wa Korogwe unapoanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi. Ni maabara ndogo ya mifugo, na kazi yake kubwa ni kujaribu chanjo za mbuzi na kondoo. Kujaribu chanjo si lazima umdunge mnyama mzima kila mara. Unachukua seli za mwili wake, unaziweka kwenye chupa bapa yenye maji ya rangi ya waridi, ambayo ndiyo chakula chake, unazitia kwenye kabati la joto, nazo zinakua na kuzaana. Chupa ikijaa unazigawa kwenye chupa mpya, na kila mgawo huo mafundi huuita pasaji. Seli za kawaida huchoka baada ya pasaji chache zikafa. Mara mojamoja hutokea zisizochoka, zikaendelea mwaka hata mwaka, na hizo huitwa ukoo wa seli. Maabara ya Kwamndolwa ilikuwa na koo mbili. Ukoo mmoja ulitoka nje ya nchi, wa figo ya tumbili, unaotumika duniani kote kutengenezea chanjo. Wa pili ulizaliwa palepale, wa figo ya mbuzi, na jina lake Sindeni.

Sindeni ni kijiji, upande wa Handeni. Ndiko alikozaliwa Ukasha Mhando, bwana mifugo mrefu mwenye kicheko kinachoanzia puani, aliyeajiriwa maabara mwaka mmoja na Rukaya. Mwaka uliofuata sotoka ya mbuzi ilipita Handeni kama moto wa kiangazi. Zizi la mama yake, Bi Mwaija, lilikuwa na mbuzi thelathini na wawili, na ugonjwa ulipoondoka alisimama mmoja, jike mweusi mwenye mimba aliyeitwa Kibibi. Hakuugua hata siku moja. Wenzake wakifa huku na huku, yeye anatafuna. Kisha, kwa mipango ya Mungu, huyo aliyeiponea sotoka akashindwa kuzaa. Ukasha alifika nyumbani akamkuta hoi. Wakamchinja, na mtoto tumboni alikuwa amekwisha kufa, lakini angali na joto. Ukasha akamwomba mama yake ruhusa, akazitoa figo za yule mtoto, akazitia kwenye kasha la barafu na kupanda pikipiki moja kwa moja mpaka Korogwe.

"Rukaya, washa kabati," alisema akiwa bado mlangoni, vumbi limemjaa kwenye nyusi. "Nimekuja na mbuzi asiyeumwa sotoka."

Walizikatakata figo zile, wakaziloweka kwenye dawa, wakazichuja, wakazigawa chupani. Siku ya tano seli zikashika chini ya chupa. Ukasha akampigia mama yake simu palepale. "Mama, Kibibi hajaisha. Mtoto wake anakua kwenye chupa." Na Bi Mwaija, ambaye katika maisha yake hakuwahi kudanganywa na mwanawe, aliamini neno kwa neno.

Miezi ya mwanzo seli zilijikokota. Zilikuwa kubwa, zimetawanyika ovyo, na chupa moja ilichukua siku kumi kujaa. Walikuwa wamekwisha kata tamaa ndipo, katikati ya masika, chupa ya pasaji ya nane ilipojaa kwa siku tatu. Seli zilikuwa ndogo, nadhifu, zimebanana kama vigae vya sakafu. Ukasha aliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: ZIMEAMKA! ALHAMDULILLAH. Siku hiyo, kwenye korido, huku mvua inapiga bati wasisikilizane, aliushika mkono wa Rukaya kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekwisha kupata nafasi ya kusoma Uholanzi.

"Nikirudi nitawatuma wazee wangu kwenu Masuguru," alimwambia sikioni. "Wewe nitunzie Sindeni."

Aliondoka mwezi wa nane. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa. Mwaka wa pili ikawa mwezi kwa mwezi. Mwaka wa tatu akaandika kwamba masomo yameongezwa. Mwaka wa sita Rukaya alikwenda Sindeni siku ya Idi, kama ilivyokuwa desturi yake, na Bi Mwaija akamwambia, bila kumtazama, akichambua mchele, kwamba Ukasha ana mke huko na mtoto wa kike. Rukaya akauliza mtoto anaitwa nani. Akaambiwa jina, akasema ni jina zuri, akasaidia kuchambua mchele.

Hakuna aliyemwambia aache kungoja, na hakuna aliyemwambia angoje. Wachumba wawili walikuja Masuguru, wote watu wa heshima, na wote wawili baba yake aliwarudisha kwa maneno mazuri kwa sababu binti alikataa kusema ndiyo. Mwenyewe hakuita kungoja. Alisema ana kazi. Na kweli alikuwa nayo: kila baada ya siku tatu Sindeni ilitaka chakula, iwe sikukuu, iwe msiba, iwe yeye mwenyewe ana homa. Alikuwa akiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akiona utando ule mwembamba uliotanda chini, moyo wake unatulia. Alichoachiwa kipo. Hakijapotea mikononi mwake.

Ndipo akaja Daktari Vaishali kuwa mkuu wa maabara. Alikuwa mtoto wa mtaa wa Manundu, kwao wana duka la vitambaa, na ingawa alisomea mbali, Kiswahili chake kilikuwa cha Korogwe hasa. Alipofika, taasisi moja ya nchi jirani ilikuwa imeomba kupelekewa Sindeni kwa ajili ya utafiti wao wa sotoka, na kabla ya kuipokea walitaka cheti kimoja: uthibitisho wa spishi.

"Dada Rukaya," alisema, "Sindeni iliwahi kupimwa ni ya mnyama gani?"

Rukaya alicheka. "Daktari, huyo mbuzi nimezikata figo zake mwenyewe."

"Nakuamini. Ila wao hawakukuona ukizikata." Vaishali alisema kwa upole. "Tupime, tuwape karatasi yao, yaishe."

Kipimo chenyewe si kigumu. Unazivunja seli, unachukua vinasaba vyake, unavigawa kwenye vichupa sita. Kila kichupa kina chambo kinachonasa vinasaba vya mnyama mmoja tu: mbuzi, kondoo, ng'ombe, panya, binadamu, tumbili. Mashine huvizidisha vile vilivyonaswa, kisha unavipitisha kwenye jeli kwa umeme na kuitazama jeli hiyo chini ya taa. Pale chambo kilipopata mnyama wake pana mstari unaong'aa. Pale kilipokosa pana giza.

Walifanya Jumatatu. Vaishali aliitazama jeli kwanza, akampisha Rukaya. Safu ya mbuzi ilikuwa giza tupu. Safu ya tumbili ilikuwa na mstari mmoja mnene, mweupe, usio na shaka.

"Tumechanganya vichupa," Rukaya alisema.

"Inawezekana. Turudie."

Jumanne Rukaya alipitia machinjioni akaomba kipande cha nyama ya mbuzi, ili wapime na mbuzi wa kweli kando yake. Mbuzi wa machinjioni aling'aa mahali pake. Sindeni ikang'aa kwa tumbili. Jumatano akafungua chupa nyingine kabisa, akafanya kila kitu peke yake, mlango umefungwa. Tumbili.

Aliketi kwenye kigoda cha maabara, glovu mkononi. Hakulia. Alihisi kama mtu aliyekuwa akipika kila siku kwa ajili ya mgeni, halafu siku moja akafunua pazia na kukuta chumbani amelala mtu mwingine, tena wa siku nyingi.

"Hutokea, dada," Vaishali alisema. "Duniani kote hutokea. Tone moja la seli za tumbili likiingia, hao wana mbio. Wa taratibu hawawezi kushindana nao. Baada ya muda mfupi hakuna aliyebaki ila wao."

"Tangu lini?"

"Hilo ndilo la kutafuta. Kwenye tangi la baridi kuna nini?"

Kwenye tangi la naitrojeni, baridi inayosimamisha kila kitu, kulikuwa na vichupa vya akiba vya miaka yote. Rukaya alivitoa kwa koleo kimoja kimoja, moshi mweupe ukimpanda mikononi. Vyake mwenyewe vilikuwa vingi. Vile vyenye mwandiko wa Ukasha vilibaki vitatu tu: viwili vya pasaji ya nne, kimoja cha pasaji ya tisa. Aliogopa kuvipima kuliko alivyowahi kuogopa lolote pale kazini, na hofu yake ilikuwa moja tu. Alikuwa anaomba isije ikawa ni yeye. Alipewa amana akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa, naye akalala na mlango wazi, mwizi akaingia. Hilo asingeweza kulibeba.

Kutoka kichupa kimoja cha pasaji ya nne walikwangua kiasi kidogo sana, kisha wakakirudisha kwenye baridi. Jeli ilipokuwa tayari Vaishali alisoma kwa sauti. "Pasaji ya nne, mbuzi. Mbuzi mtupu, safi." Akasogeza kidole. "Pasaji ya tisa, tumbili."

Kwa hiyo ilikuwa kabla Ukasha hajaondoka. Rukaya aliomba daftari la zamani, akalifungua mezani, na hakuhitaji kutafuta sana. Pasaji ya nane. ZIMEAMKA.

Akakumbuka sawasawa. Siku chache kabla ya hapo chakula cha seli za mbuzi kiliwaishia, na Ukasha alikuwa na haraka. Yeye Rukaya alikwenda chumba cha chanjo, kule kwenye seli za tumbili, akarudi na chupa ya chakula iliyokwisha kufunguliwa. "Hii imetumika huko," alimwambia. Naye akasema, "Itafaa, lete," akatabasamu, mikono yao ikagusana kwenye ile chupa. Furaha ile yote, mvua, korido, ahadi, iliota kwenye kosa. Tangu aachiwe, hata siku moja hakuwahi kumlisha mbuzi wa Sindeni. Alichoachiwa kilikuwa kimekwisha kwenda kabla hakijakabidhiwa.

Na jambo la ajabu, ambalo hakumweleza mtu, ni kwamba ndani ya uchungu ule palikuwa na faraja kidogo. Kosa halikuwa lake peke yake, wala la Ukasha peke yake. Walilifanya wawili. Katika dunia nzima hapakuwa na kitu kingine walichokuwa nacho pamoja.

Saa ya chakula cha mchana alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa paa na kupiga namba ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka mitano.

"Halo?"

"Assalamu alaikum, Ukasha. Ni Rukaya."

"Rukaya? Rukaya wa maabara?"

"Kwani unamjua mwingine?"

Akacheka, na kicheko kilikuwa kilekile, kinaanzia puani. Rukaya akaegemea ukuta.

"Nimekupigia kwa ajili ya Sindeni," alisema.

"Kuna nini nyumbani? Mama anaumwa?"

"Mama mzima. Si kijiji ninachosema. Ni seli."

"Seli zipi?"

Rukaya aliitazama simu kama anayehakikisha jina. "Za Kibibi. Ulizoniachia."

"Aa, zile! Bado mnazo? Mimi nilidhani mlishazitupa zamani."

Mahindi ya shamba la jirani yalikuwa yanachezwa na upepo. Rukaya aliyaangalia, kisha akamweleza yote: cheti, jeli, pasaji ya nne na ya tisa. Ukasha alisikiliza kama mtaalamu, akauliza maswali mawili ya kitaalamu. Kisha akasema, "Hayo hutokea sana, hata huku. Usijilaumu."

"Sijilaumu. Ilikuwa pasaji ya nane. Chupa ya chakula niliitoa mimi chumba cha chanjo, wewe ukasema itafaa."

"Kweli? Sikumbuki."

"Najua."

Alitaka kusema mengine. Alikuwa nayo mengi, ya miaka kumi na mmoja, yamepangwa kama vichupa vile kwenye baridi, kila kimoja na tarehe yake. Lakini aliona kwamba huko yalikokuwa yakienda hapakuwa na mtu wa kuyapokea, na kuyasema ingekuwa kuyamwaga.

"Mama yako anasubiri simu yako, Ukasha. Namba yake ni ileile."

"Kazi tu, Rukaya. Si unajua."

"Mpigie," alisema, akakata.

Aliporudi ndani alimkuta Vaishali na vile vichupa viwili vya pasaji ya nne. "Kimoja tukihifadhi kama ushahidi," Vaishali alisema. "Kingine ni chako. Ukitaka kukiamsha, amsha. Ila unajua hawatafika mbali, hawa ni mbuzi wa kawaida."

Rukaya alikiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akakitia chupani na chakula kipya, chupa ambayo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Siku mbili hapakuwa na kitu ila vumbi linaloelea. Ya tatu, seli chache zikashika. Zilikuwa kubwa, zimetawanyika ovyo, kama alivyozikumbuka. Zikajikokota. Siku ya kumi zilifunika nusu ya chupa, na ya kumi na moja hazikuwa zimeongezeka. Rukaya alielewa. Akaomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi la asubuhi kwenda Sindeni.

Bi Mwaija alikuwa uani anapukuchua mahindi, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani. Alikuwa amekonda tangu Idi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo si sikukuu, kulikoni? Mbuzi wangu hajambo?"

Kila mara aliuliza hivyo, na kila mara Rukaya alijibu kwamba hajambo, anamsalimu. Safari hii aliketi mkekani, akachukua hindi moja, akaanza kupukuchua.

"Mama, nimekuja na neno. Yule niliyekuwa nikikwambia hajambo, hakuwa mbuzi. Tumempima. Ni tumbili."

Mikono ya bibi ilisimama. "Tumbili? Hawa wanaonimalizia mahindi?"

"Wa jamii yao."

Bi Mwaija alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Miaka yote hiyo namwombea dua tumbili! Mungu kaniona." Kicheko kikaisha, akabaki anatazama mahindi kwenye ungo. "Na mbuzi wangu?"

"Yupo kidogo. Wa mwanzo kabisa, aliyefungwa na Ukasha mwenyewe. Nimemtoa kwenye baridi. Hatakaa, mama. Nimekuja kukuchukua umwone kabla."

"Ukasha anajua?"

"Nimemwambia."

"Kumbe amekupigia!"

"Nimempigia mimi."

Bi Mwaija akatikisa kichwa polepole. Walipukuchua mahindi mawili matatu. Kisha akasema, sauti ya chini, "Mwanangu, mimi si mjinga. Nilijua tangu zamani unakuja hapa kwa ajili yake. Na nilijua harudi. Mama hujua. Ilinipasa nikwambie, binti wa watu, nenda kaolewe. Sikusema. Kila ukiingia mlango huu naona kana kwamba naye ameingia nusu. Nikawa najifaidisha na wewe. Unisamehe."

Rukaya aliliweka hindi chini. Akamsogelea, akauweka mkono wake juu ya mkono wa yule mama uliojaa vumbi la mahindi, wakakaa hivyo. Mchana walikula bada, ugali wa muhogo, na mlenda, na alasiri wakashika njia ya Korogwe, bibi amevaa kanga mpya.

Asubuhi iliyofuata Vaishali mwenyewe alimvalisha Bi Mwaija koti jeupe, akamvutia kiti mbele ya hadubini. Bibi aliinama, akasema haoni ila kope zake. Rukaya akarekebisha. Bibi akainama tena, na safari hii hakuinuka upesi.

"Mbona hawatembei?" aliuliza mwisho.

"Hawatembei, mama. Wanakua tu."

"Wanasikia?"

"Hawasikii, bibi," alijibu Vaishali.

"Haya." Lakini aliinama mara ya tatu, midomo karibu na chombo, akaita kwa Kizigua, polepole, kwa sauti ile anayoitia mbuzi wake jua likizama. Vaishali aligeuka akatazama dirishani. Rukaya alisimama nyuma ya kiti, mkono mabegani mwa bibi, akiyahisi yanapanda na kushuka.

"Nimemwona," Bi Mwaija alisema akinyanyuka. "Sasa mwacheni apumzike."

Zilipumzika zenyewe. Kufikia Alhamisi zilianza kuachia chini ya chupa moja moja, zikaelea. Siku hiyohiyo Rukaya aliitoa na ile Sindeni ya uongo, chupa zote, akazimiminia dawa ya kuulia vijidudu, maji ya waridi yakageuka meupe. Alifuta meza, akaandika tarehe.

Ilibaki barua. Kulikuwa na maabara mbili zilizowahi kupewa Sindeni, na ilibidi ziambiwe. Vaishali alikuwa ameiandika vizuri, bila kumtaja mtu.

"Weka majina," Rukaya alisema.

"Si lazima, dada. Hakuna anayetafuta wa kumlaumu."

"Najua. Weka tu. Ilichanganyika pasaji ya nane, mikononi mwa U. Mhando na R. Isihaka."

Vaishali alimtazama. Alikuwa msichana mwenye akili, na Korogwe ni mji mdogo. Akaandika kama alivyoambiwa, akachapa nakala ya ziada, akampa bila maelezo. Rukaya aliikunja, akaitia kwenye mkoba. Hapakuwa na karatasi nyingine popote yenye majina yale mawili pamoja.

Bi Mwaija alikaa nyumbani kwa Rukaya, Masuguru, wiki nzima. Baba yake Rukaya alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, nyumba ilikuwa na nafasi, na wanawake wale wawili walizoea kupika jiko moja. Jumapili baada ya swala ya alasiri, Rukaya akiwa uani anafua, simu ya bibi ililia chumbani.

"Ukasha! Ukasha mwanangu!" Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, kijana. "Niko Korogwe, baba, kwa Rukaya. Nimekuja kumwona mbuzi."

Bibi hakuijua simu yake vizuri, aliiacha ipaze sauti, na kila neno lilitoka dirishani. Ukasha aliuliza hali. Ukasha akasema alikuwa na kazi nyingi. Ukasha akacheka. Kisha kikasikika kisauti cha mtoto, kinasema maneno ambayo hakuna pale aliyeyaelewa, na bibi akajibu, "Marahaba, marahaba mjukuu wangu," ingawa huenda hata shikamoo mtoto hakuisema. Rukaya alikuwa ameshika shuka iliyolowa. Maji yalimtiririka viwikoni.

"Rukaya!" bibi aliita kutoka ndani. "Rukaya, njoo! Anataka kukusalimu!"

Hatua zilikuwa kama nane mpaka mlangoni. Alizipima kwa macho. Moyo wake ulikuwa umekwisha kutangulia, uko ndani, umesimama kando ya ile simu kama ulivyosimama miaka kumi na mmoja.

"Mwambie nimetoka, mama," alisema.

Bi Mwaija alitokeza kichwa dirishani, simu kifuani. Walitazamana. Bibi akarudi ndani.

"Ametoka, baba," alisikika akisema. "Sijui atarudi saa ngapi."

Rukaya aliikamua shuka, akaianika, akaivuta pembe zote mpaka ikanyooka. Aliendelea kusimama pale kambani, uso karibu na kitambaa kibichi, akisikiliza, mpaka Ukasha alipoaga.